Sura ya Saba: Bahasha ya Mama, Dawa ya Binti

Nchini Uingereza, anayemuuguza mama yake halipwi kwa sababu anamuuguza. Analipwa kwa sababu serikali imekubali kwamba mama huyo ana ulemavu wa kiwango fulani. Ukisoma haraka utaona ni mamoja, lakini matatizo yote ya sura hii yanaanzia hapo. Posho ya mlezi, ambayo jina lake rasmi ni Carer's Allowance, imefungwa nyuma ya malipo ya mtu mwingine kama tela nyuma ya lori. Lori likizima, tela halina injini yake.

Kwa hiyo siku bahasha ya kaki inapoingia mlangoni kwa jina la mama, ikisema kwamba alama zake za ulemavu zimeshuka kutoka 8 hadi 6, binti hajaandikiwa chochote. Hakuitwa kwenye usaili. Hakuna aliyemuuliza huamka mara ngapi usiku. Na isipokuwa awe ameteuliwa rasmi kusimamia malipo ya mama, hana haki ya kukatia rufaa uamuzi ule. Hata hivyo posho yake imekwenda pamoja na malipo ya mama, na huenda, kwa njia ya kuzunguka ambayo nitaieleza, zile dawa za presha ambazo binti mwenyewe alikuwa akichukua bure sasa akazilipia.

Nimesema huenda, na nimelipima neno hilo. Katika jamii zetu za Leicester, Reading na mashariki ya London zinazunguka kauli mbili. Ya kwanza inasema kwamba mlezi hupata dawa bure. Ya pili inasema kwamba posho ya mlezi ikikatwa, na msaada wa matibabu umekatwa. Zote mbili si kweli, na zote zimewagharimu watu fedha.

Tupitie masharti kwa haraka. Ili upate posho ya mlezi unatakiwa umhudumie mtu kwa saa zisizopungua 35 kwa wiki, uwe na umri wa miaka 16 au zaidi, usiwe unasoma kwa saa 21 au zaidi kwa wiki, na mshahara wako baada ya makato usivuke kikomo. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, ambao ndio nitakaoutumia kwa hesabu zote za sura hii, posho ni pauni 83.30 kwa wiki na kikomo cha mshahara ni pauni 196. Ukizidisha pauni moja tu, posho yote ya wiki hiyo imepotea. Sharti lenye meno ni la mwisho: unayemhudumia lazima awe analipwa malipo ya ulemavu yanayotambuliwa. Kwa mtu mzima ambaye hajafikia umri wa pensheni, kwa kawaida hayo ni PIP, malipo yaliyoanza kuchukua nafasi ya malipo ya zamani ya ulemavu yaitwayo DLA mwaka 2013. Tena si PIP yoyote, bali ile sehemu yake inayohusu maisha ya kila siku. Mwenye sehemu ya kutembea pekee hamfungulii mlezi wake mlango. Kwa wazee ni Attendance Allowance, na kwa watoto bado ni DLA, kwenye sehemu ya matunzo, kiwango cha kati au cha juu.

PIP hupimwa kwa alama katika shughuli 10 za kila siku: kupika, kula, kusimamia tiba, kuoga, kwenda chooni, kuvaa, kuzungumza, kusoma, kuchangamana na watu, na kuamua mambo ya fedha. Alama 8 zinampa mtu kiwango cha kawaida, pauni 73.90 kwa wiki. Alama 12 zinampa kiwango cha juu, pauni 110.40. Chini ya 8 hakuna kitu.

Sasa mtazame mama mwenye baridi yabisi. Anapika akiwa amekalia kigoda maalumu: alama 2. Anaoga kwa kutumia kiti cha bafuni: 2. Chooni anashika vishikio vilivyopigiliwa ukutani: 2. Anavaa kwa msaada wa kijiti chenye ndoano: 2. Jumla 8, kamili bila ziada. Miaka mitatu baadaye anapigiwa simu ya kukaguliwa upya, na kwa adabu yetu ya kutolalamika mbele ya mgeni anasema, "Alhamdulillah mwanangu, siku hizi nguo najivalia." Kwa sentensi hiyo moja alama 2 zimeondoka. Sita si nane. Mama anapoteza pauni 73.90 kwa wiki na binti yake anapoteza 83.30. Aliyepoteza zaidi ni yule ambaye hakuwa kwenye simu.

Mpango huu una historia, na historia yake inaeleza kwa nini umekaa hivi. Mwaka 1954, mchungaji wa kike aitwaye Mary Webster aliacha kazi akiwa na miaka 31 ili awauguze wazazi wake. Mwaka 1963 aliandika magazetini kuhusu wanawake wasioolewa waliokuwa wakizeekea kwenye vyumba vya wagonjwa bila mshahara wala pensheni. Barua za wenzake zikamiminika, na mwaka 1965 kikaundwa chama ambacho ni mzizi wa Carers UK ya leo. Posho yenyewe ilianza mwaka 1976 ikiwa na jina lingine, na wanaume wakapewa, na wanawake wasio na waume wakapewa. Mke wa mtu alinyimwa, kwa hoja kwamba yeye angekuwa nyumbani hata hivyo. Hoja hiyo sisi tusiicheke sana. Nani katika koo zetu huulizwa kama ana nafasi kabla ya kukabidhiwa mgonjwa, akiwa ni binti au mkamwana?

Aliyeivunja ni Jacqueline Drake, mke wa mtu aliyekuwa akimuuguza mama yake. Shauri lake lilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Juni 1986 alishinda. Serikali ilikuwa imekwisha kuona mwelekeo, ikatangaza kwenye mkesha wa hukumu kwamba wake za watu nao watalipwa. Jina la Carer's Allowance likaja mwaka 2003. Katika mabadiliko yote hayo, kiungo kati ya posho ya mlezi na malipo ya mgonjwa hakikuguswa. Walibishania nani aruhusiwe kupanda tela, na injini hakuna aliyeiulizia.

Dirisha la dawa

Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilianza Julai 1948 bila malipo kwa mgonjwa. Haikudumu hivyo. Aneurin Bevan, waziri aliyeijenga, alijiuzulu Aprili 1951 kwa kupinga kutozwa fedha kwa miwani na meno ya bandia, na kufikia Juni 1952 hata cheti cha dawa kilikuwa kinalipiwa shilingi moja. Leo Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zimefuta malipo ya dawa kabisa. England imebaki nayo: pauni 9.90 kwa kila aina ya dawa iliyoandikwa. Mwenye dawa nne kwenye cheti kimoja anaacha dirishani pauni 39.60. Kwa daktari wa meno, uchunguzi ni pauni 27.40, kuziba au kung'oa ni 75.30, na kazi kubwa kama meno ya bandia ni 326.70.

Geuza ile karatasi ya kijani ya dawa usome mgongo wake. Kuna visanduku vya kutia alama: mtoto chini ya miaka 16, mtu wa miaka 60 na kuendelea, mjamzito au aliyejifungua karibuni mwenye cheti, mwenye cheti cha ugonjwa uliotajwa kwenye orodha, aliyelipa kabla, mwenye cheti cha HC2 nitakachokieleza mbele, na wanaopata malipo fulani ya wenye kipato kidogo. Tafuta kisanduku cha mlezi. Hakipo. Tafuta cha PIP. Nacho hakipo. Mtu anaweza kuwa anapata PIP ya kiwango cha juu kabisa, na binti yake anapata posho ya mlezi, na wote wawili wakalipia dawa pauni 9.90.

Orodha yenyewe ya magonjwa ina maajabu yake. Ilitungwa mwaka 1968, na saratani haikuingizwa hadi 2009. Mwenye kisukari anayetumia dawa anapewa cheti na anachukua dawa zake zote bure, hata akiwa tajiri. Mwenye presha hapewi. Kwa watu wetu, ambao presha imewajaa, hilo si jambo dogo.

Na asije mtu akasema nitaweka alama popote, nani atajua. Wanakagua, na wakikukuta hukustahili wanakudai ile gharama pamoja na faini ya mara tano yake, mwisho pauni 100. Ukichelewa kulipa wanaongeza 50.

Basi ile kauli kwamba mlezi hupata dawa bure ilitoka wapi? Ilitoka kwenye zama za Income Support. Mlezi asiye na kazi aliweza kupata malipo hayo juu ya posho yake, na kila mwenye Income Support alikuwa na dawa, meno na miwani bila kuulizwa swali jingine. Watu waliona posho na dawa bure vikitembea pamoja, wakadhani kimoja kimezaa kingine. Siku hizi walezi wengi wa umri wa kazi wamehamishiwa Universal Credit, malipo mapya ya wenye kipato kidogo, na huko mambo yana mlango mwembamba zaidi.

Saa nane kwa wiki

Kwenye Universal Credit, unasamehewa gharama za afya ikiwa mshahara uliopeleka nyumbani katika mwezi wa hesabu uliopita haukuzidi pauni 435. Kwa mume na mke huhesabiwa mishahara ya wote wawili. Kikomo hupanda hadi pauni 935 kama kwenye malipo yenu kuna fungu la mtoto, au mmoja wenu amepimwa akaonekana kwamba uwezo wake wa kufanya kazi una mpaka. Fungu la mlezi, pauni 201.68 kwa mwezi, halimo katika sababu za kupandisha kikomo. Yaani serikali inakutambua kuwa mlezi unapopangiwa malipo, na inakusahau unapofika dirishani.

Linganisha vikomo viwili vya serikali moja. Posho ya mlezi inakuruhusu kupata mshahara wa pauni 196 kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni kama 849. Mlezi asiye na mtoto anayefuata sheria hiyo kwa uaminifu, akafanya kazi hadi mwisho wa ruhusa yake, amevuka kile kikomo cha 435 karibu mara mbili. Anaruhusiwa kufanya kazi, kisha anatozwa dawa kwa kuwa amefanya kazi.

Sasa turudi kwa binti yetu. Tuseme ana miaka 45, hana mtoto nyumbani, hafanyi kazi, na anapata Universal Credit yenye fungu la mlezi. PIP ya mama imekatwa. Posho inasimama, na fungu la mlezi linaondoka. Kiwango chake cha msingi kinabaki pauni 400.14 kwa mwezi pamoja na msaada wa kodi ya nyumba kama anaulipiwa. Je, dawa zake? Bado bure. Hana mshahara, hivyo hajagusa kikomo. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kulipa pasipo sababu: wanaona posho imekatwa, wanakwenda dirishani wamenyong'onyea na kutoa fedha ambazo hakuna aliyewadai.

Lakini hatabaki hapo. Alipokuwa mlezi anayetambuliwa hakulazimishwa kutafuta kazi. Sasa anaitwa ofisi ya ajira, anapewa mshauri, anapangiwa saa za kutafuta. Mama bado anahitaji kuogeshwa, kwa hiyo binti anachukua kibarua kidogo, tuseme usafi wa ofisi alfajiri, saa 10 kwa wiki kwa kima cha chini cha pauni 12.21. Kwa mwezi ni pauni 529. Dawa bure zimekwisha. Kufanya saa 8 kungempa 423 naye angebaki ndani. Saa 9 zinamtoa. Kikomo hicho cha 435 kiliwekwa mwaka 2015 na hakijasogezwa. Aprili 2016, kima cha chini kilipokuwa pauni 7.20, mtu aliweza kufanya karibu saa 14 kwa wiki kabla ya kukigusa. Hakuna waziri aliyesimama bungeni akatangaza kuwapunguzia maskini saa sita. Waliacha namba ikae, mishahara ikapanda, kazi ikajifanya yenyewe.

Ndiyo maana nilisema njia ni ya kuzunguka. Kukatwa kwa PIP ya mama hakumnyang'anyi binti dawa siku hiyohiyo. Kunamsukuma kwenye kazi, na kazi ndiyo inayomnyang'anya. Akifika kwa mshauri miezi mitano baadaye na kuuliza kwa nini analipia dawa, hakuna atakayeiona ile bahasha ya kaki kwenye jibu.

Mjane na dada yake

Kwa wazee mkato ni wa moja kwa moja zaidi, na hesabu yake ni nzuri kuitazama kwa jinsi ilivyo kali.

Chukua mjane wa miaka 70 anayemhudumia dada yake aishiye peke yake mtaa wa pili. Dada anapata Attendance Allowance. Mjane ana pensheni kamili ya serikali, pauni 230.25 kwa wiki, na kapensheni kadogo ka kazini ka 19.75. Jumla 250. Akiomba posho ya mlezi ataambiwa kwamba anastahili lakini hatalipwa, kwa sababu pensheni yake ni kubwa kuliko posho na sheria hairuhusu vyote viwili. Wengi wakisikia hivyo huitupa barua. Wasiitupe! Kule kustahili bila kulipwa kunampandishia kiwango chake katika Pension Credit, malipo ya kuwaongezea wazee wenye kipato kidogo, kwa pauni 46.40. Kiwango cha kawaida cha mtu mmoja ni 227.10, ambacho mjane wetu amekwisha kukipita. Kwa nyongeza ya mlezi kinakuwa 273.50, na hapo anadai serikali 23.50 kila wiki. Na kwa kuwa hilo ni fungu la uhakika la Pension Credit, daktari wa meno ni bure, anapewa vocha ya miwani, na nauli ya hospitali anarudishiwa. Tena, kwa kuwa posho yenyewe hailipwi, nyongeza ya ulemavu mkali ambayo huenda dada anaipata kwa kuishi peke yake haiguswi. Posho ingekuwa inalipwa, dada angeipoteza. Familia nyingi zimeingia kwenye mtego huo kwa nia njema.

Sasa dada analazwa. Baada ya siku 28 katika hospitali ya NHS, Attendance Allowance husimama, na PIP vilevile. Kustahili kwa mjane kunasimama siku hiyo. Nyongeza ya mlezi inabaki wiki 8 zaidi, kisha inaondoka, na kiwango chake kinarudi 227.10. Ana 250. Hana tena Pension Credit. Dawa atapata bure kwa umri wake, ila meno ya bandia aliyokuwa ameahidiwa yamekuwa pauni 326.70, kwa sababu dada yake amezidiwa.

Watoto wameokolewa na balaa hilo la kukatiwa malipo wakilazwa. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua mwaka 2015, katika shauri la familia ya mtoto Cameron Mathieson, kwamba kumkatia DLA mtoto aliyelazwa muda mrefu kulikiuka haki zake, na kanuni zikabadilishwa mwaka uliofuata. Wazazi wale walithibitisha kile kila aliyelala kwenye kiti cha wodi anachokijua, kwamba mgonjwa akilazwa mlezi hapumziki. Kwa watu wazima hoja hiyo bado haijakubaliwa.

Mlango wa nyuma uitwao HC1

Kuna mpango wa NHS wa wenye kipato kidogo, na ndio unaosahaulika kuliko yote. Unajaza fomu ya HC1, wanalinganisha kipato chako na mahitaji yako ikiwa ni pamoja na kodi ya nyumba na kodi ya baraza, na akiba yako isizidi pauni 16,000. Ukifaulu kikamilifu unapewa cheti cha HC2: dawa, meno, vipimo vya macho, vocha ya miwani, nauli ya hospitali. Ukifaulu nusu unapewa HC3, ambayo inapunguza gharama nyingine lakini dawa haizisamehi.

Ndani ya hesabu hiyo kuna jambo ambalo hata washauri hulipita. PIP na Attendance Allowance hazihesabiwi kuwa kipato. Posho ya mlezi inahesabiwa. Kwa upande wa mahitaji, mlezi huongezewa ziada ya pauni 46.40. Basi posho ikikatwa, kipato kinachohesabiwa kinashuka kwa 83.30, na mahitaji yanashuka, baada ya wiki 8, kwa 46.40 tu. Kama hakuna pato jingine lililoingia kuziba pengo, mlezi aliyekosa HC2 alipokuwa na posho anaweza kuipata sasa. Amekuwa fukara wa kutosha. Haipendezi kusema hivyo, lakini ndivyo kanuni zilivyo, na asiyeomba tena kwa kudhani kwamba kukatwa kumoja kumefunga milango yote anaacha haki yake mezani.

Tena, cheti cha HC2 kikishatolewa hudumu hadi tarehe iliyoandikwa juu yake, kati ya miezi 6 na miaka 5 kwa kutegemea hali. Mabadiliko ya katikati hayakifuti. Mlezi aliyekuwa nacho mkononi siku PIP ya mama ilipokatwa aendelee kukitumia bila wasiwasi.

Balaa hili la PIP kukatwa na mlezi kuumia lilikaribia kuwa kubwa zaidi mwaka 2025. Machi 18 mwaka huo, waziri Liz Kendall alitoa waraka uliopendekeza kwamba kuanzia Novemba 2026 jumla ya alama 8 isitoshe. Mtu awe na angalau shughuli moja yenye alama 4. Yule mama wa mbili, mbili, mbili na mbili angeanguka hata kama hali yake haijabadilika hata kidogo. Makadirio ya serikali yenyewe yalionyesha kwamba kufikia mwaka wa fedha wa 2029/30, watu 150,000 wangekosa posho ya mlezi au fungu la mlezi. Wabunge wa chama tawala waliasi, na Julai 1, katikati ya mjadala, kifungu hicho kikaondolewa. Suala zima likapewa waziri mwenzake, Stephen Timms, alifanyie mapitio. Kilichopita ni kupunguza karibu nusu fungu la ugonjwa la Universal Credit kwa waombaji wengi wapya kuanzia Aprili 2026. Waraka uleule ulipendekeza pia kipimo cha uwezo wa kufanya kazi kifutwe na PIP ichukue nafasi yake. Likifanyika hilo, hata kile kikomo cha pauni 935 kitakuwa kimefungwa kwenye PIP, na bahasha ya mama itaamua mengi zaidi.

Kwa wenzetu wenye viza, jambo moja. Posho ya mlezi, PIP na Universal Credit ni fedha za umma, na mwenye sharti la kutozitumia asiziguse bila ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji. Cheti cha HC2 si fedha za umma kwa maana hiyo. Mwenye kipato kidogo anaweza kukiomba hata kama pasipoti yake ina sharti hilo, na wanaoomba hifadhi wakiwa chini ya msaada wa serikali hupewa. Nimekutana na wahudumu wa nyumba za wazee, watu wanaowaogesha wazee wa wenzao kwa mshahara wa saa, waliokaa na jino linalouma mwaka mzima kwa kuogopa fomu isiyo na madhara kwao.

Ikiwa bahasha imefika leo, mwambie mama asikubali haraka. Ana mwezi mmoja wa kuomba uamuzi utazamwe upya, na mwezi mwingine wa kwenda mbele ya baraza la rufaa baada ya kujibiwa. Zaidi ya nusu ya mashauri ya PIP yanayosikilizwa huko humalizika kwa ushindi wa mwombaji. Wewe mlezi, toa taarifa mara moja kwamba malipo ya mama yamesimama. Usitegemee kwamba idara itajiambia yenyewe. Mwaka 2024 walezi zaidi ya 130,000 walikuwa wakirudisha madeni ya zaidi ya pauni milioni 250, mengi yakiwa yamelimbikizwa kwa muda mrefu wakati takwimu za mishahara yao ziko mikononi mwa serikali. Mama akishinda, omba posho upya ndani ya miezi 3 tangu uamuzi huo, nayo italipwa kwa kurudi nyuma.

Wakati huohuo jaza HC1. Ukilazimika kulipia dawa kabla ya jibu kufika, dai risiti ya FP57 palepale dirishani, maana ukishatoka hawawezi kukupa. Kwa risiti hiyo unaweza kudai fedha zako ndani ya miezi 3 tangu ulipolipa. Na kama majibu yote yatakuwa hapana, nunua cheti cha malipo ya kabla: pauni 114.50 kwa mwaka mzima, na unaweza kulipa kidogokidogo kwa awamu 10. Mwenye dawa mbili tu za presha kila mwezi angelipa 237.60 bila cheti hicho.